Kamera ya mninga iliyoona vizuri upande mmoja

Kamera inayochambuliwa hapa imeundwa Mtwara mjini kutokana na kamera mbili mbovu na mabaki ya fremu ya mlango. Lenzi na shata (kifungio kinachofunguka kupitisha mwanga kisha kufunga) ni za Agfa Isolette, kamera ya kukunja ya Kijerumani ya miaka ya 1950, ambayo mvukuto wake, ile sehemu inayokunjwa kati ya lenzi na mkanda, ulikuwa umetoboka kila kona. Ndio ugonjwa wa kawaida wa Agfa za umri ule. Mgongo, yaani sehemu inayobeba mkanda, ni wa Voigtländer Bessa ya 6x9 (ukubwa wa picha kwa sentimita, kwa kukadiria) iliyokwisha kunyofolewa lenzi. Katikati kuna boksi la mninga. Mwenye kamera ni kijana anayeishi kwa picha za pasipoti karibu na soko kuu. Boksi lilichongwa na fundi seremala wa Chikongola, mzee wa milango na vitanda ambaye hakuwahi kushika kamera ya mkanda kabla ya hapo.

Mimi niliingia baada ya mkanda wa kwanza kusafishwa. Picha za saa sita mchana zilikuwa kali kona hadi kona. Za jioni, zilizopigwa Feri wakati vyombo vinarudi, zilikuwa kali kushoto, na kulia zimeyeyuka. Karibu kila negativu ilikuwa na doa jeusi la duara katikati, na picha ya 12 ilikatika nusu. Kijana alikuwa ameshauriwa kwamba lenzi imekufa kwa kuvu, atafute nyingine. Ushauri huo niliupinga tangu mwanzo. Kuvu lipo, linaonekana ukiimulika lenzi kwa tochi, nyuzi nyuzi pembeni mwa kioo cha nyuma, na kwa unyevu wa pwani yetu ningeshangaa lisingekuwepo. Lakini kuvu hufifisha picha nzima, weusi ukawa kijivu. Halijui kulia wala kushoto, na haliendi mapumziko saa sita mchana.

Kazi kama hii inawezekana kwa sababu moja kubwa: mkanda wa saizi iitwayo 120. Kodak waliutoa mwaka 1901, na hadi leo unatengenezwa kwa upana ule ule na spuli ile ile, kwa hiyo mgongo wa zamani za babu unapokea mkanda wa Ilford uliotoka kiwandani juzi. Ndugu yake wa 620, wenye spuli nyembamba zaidi, ulikoma mwaka 1995, na wenye kamera hizo sasa hukaa gizani wakihamisha mkanda kutoka spuli moja kwenda nyingine. Tena 120 ina karatasi ya mgongoni iliyochapwa namba kwa safu tatu: 8 za 6x9, 12 za 6x6, na 16 za 6x4.5. Muundaji hahitaji gia wala kihesabio. Anazungusha kitufe huku akichungulia kidirisha chekundu, namba ikifika anaacha. Anayetaka 6x7 ndiye mwenye shida, maana hana safu yake.

Kijana naye alitaka 6x9, kwa kuwa mgongo wake ni wa 6x9. Hapo ndipo vipuri vilipoanza kugombana. Picha ya 6x6 kwa vipimo halisi ni mm 56 kwa 56, na ulalo wake ni mm 79. Ya 6x9 ni mm 56 kwa 84, ulalo mm 101. Lenzi ya Isolette, iitwayo Agnar, ya mm 85 ilikusudiwa ile ndogo, ambayo inadai pembe ya nyuzi 50 hivi. Kuifunika ile kubwa kunadai nyuzi 61, na lenzi ya vioo vitatu iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera ya bei nafuu haifiki huko. Kona zinatiwa giza na kuvurugika. Alikubali shingo upande, akabandika fremu ya bati jeusi kwenye mlango wa picha ili ibaki 6x6. Hakupoteza kitu cha kulilia. Eneo hilo bado ni mara 3.6 ya picha ya mkanda wa 35.

Ila kubadili ukubwa wa picha kunabadilisha na kidirisha. Cha Bessa kilikuwa pembeni, kwenye safu ya namba 8, na safu ya 12 inapita katikati ya karatasi. Alikiziba cha zamani akatoboa kipya katikati. Kimo alikipata sawa, lakini kwa urefu wa mkanda alikitoboa karibu mno na spuli inayopokea. Kosa la namna hii halionekani mapema, kwa sababu nafasi kati ya picha na picha haibadiliki, namba zimechapwa kiwandani. Kinachobadilika ni pa kuanzia. Kidirisha kikisogea kuelekea spuli inayopokea, namba 1 inachelewa kutokea, msururu wote wa picha unasukumwa mbele kwenye mkanda, na ya mwisho inakosa pa kukaa. Kingesogea upande wa pili, picha ya kwanza ndiyo ingeangukia kwenye karatasi tupu. Basi picha ya 12 haikuwa na siri zaidi ya hiyo. Kijana hakutaka kutoboa tena. Anapiga 11 na kufunga, nami sioni ubaya.

Boksi ndilo lililobeba kisa. Kijana alikwenda kwa fundi na kipande cha plaiwudi cha mfano, mzee akakisukuma pembeni kwa kidole.

"Hii mvua zikianza inanenepa, njomba. Chukua mninga. Mninga ukishakauka hautembei."

Alikuwa sahihi. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa na kuvimba kidogo sana, na kwenye kamera hiyo ni sifa inayozidi uzuri wa rangi. Kipimo alichopewa ndicho kilichokuwa na walakini. Kijana aliagiza mm 85 kutoka mkanda hadi ubao wa lenzi, akiamini namba iliyoandikwa kwenye lenzi ndiyo kina cha boksi. Namba ile hupimwa kutoka sehemu fulani ndani ya lenzi yenyewe, si kutoka pale shata inapokaa kwenye ubao, na tofauti inaweza kuwa milimita kadhaa. Bahati nzuri mzee ana desturi ya kuuliza, "Ikizidi au ikipungua, kipi kinarekebishika?" Wakakubaliana boksi liwe fupi kidogo, kisha lijazwe kwa pete za kadibodi chini ya shata. Boksi fupi unaliongezea. Refu unalirudisha kwenye randa, na randa ikila upande mmoja kuliko mwingine, umeharibu.

Kutafuta kina sahihi walikifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Walisaga kipande cha kioo kwa ile pesti ya kusagia valvu inayouzwa maduka ya vipuri vya magari, hadi kikawa na ukungu laini. Wakakilaza kwenye reli za ndani za mgongo, pale mkanda unapolala, upande uliosagwa ukitazama lenzi. Anayejaribu hili aangalie reli hizo: mgongo ukiwa na reli za nje vilevile, hizo ni za bamba linalogandamiza, na kioo kikilazwa huko kipimo kinakosewa kwa unene wa mkanda na karatasi yake. Lenzi ikawekwa kwenye alama ya umbali usio na mwisho, tundu la lenzi likafunguliwa lote hadi f/4.5 (namba hii ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kamera ikaelekezwa kwenye minazi ya Msangamkuu ng'ambo ya maji. Kwa lenzi ya mm 85, mti ulio mita 500 na mti ulio mwezini hautofautiani kwa kiasi cha kupimika na seremala. Wakachungulia kwa lenzi ya fundi saa, wakaongeza pete moja moja hadi makuti yakasimama wazi, kushoto na kulia sawa. Na kwa kuwa Isolette hurekebisha fokasi kwa kuzungusha kioo cha mbele, umbali mwingine wote ulijipanga wenyewe. Hapakuhitajika kuunda mtambo wa kusogeza lenzi.

Shikilia neno hilo: kushoto na kulia sawa, tundu likiwa wazi lote. Linaiondolea lenzi lawama kabla hatujafika mbali.

Picha za jioni zilikuwa na watuhumiwa watatu. Mkono kutikisika niliutoa kwanza, kwa sababu mtikisiko hufuta picha nzima. Mkanda kuvimba badala ya kulala bapa hutokea, hasa kwenye migongo mikuukuu yenye springi zilizochoka, lakini uvimbe hubadilika picha hadi picha, na hapa kila picha ya jioni ililegea mahali pale pale. Akabaki wa tatu: ubao wa lenzi umeegemea, haulingani na mkanda.

Ushahidi ulikuwa ndani ya picha moja. Upande wa kulia, mashua za mbali zilikuwa kama moshi, lakini ngalawa iliyovutwa mchangani upande huo huo ilikuwa kali kiasi cha kuhesabu mizunguko ya kamba iliyofungia mrengu. Maana yake upande ule kamera haikushindwa kuona. Iliona karibu badala ya mbali. Kijana alikumbuka ngalawa ilikuwa kama hatua kumi na mbili mbele yake, tuseme mita 9.5. Umbali huo lenzi ya mm 85 huudai kwa kusogea mbele mm 0.77 kutoka inapoona mbali kabisa. Unachukua 85 mara 85, unagawa kwa umbali wa kitu ukiwa umetoa 85, vyote kwa milimita. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu tulishajua tunatafuta nini: upande mmoja, lenzi iko mbali na mkanda kwa robo tatu ya milimita hivi.

Upande upi? Hapa mzee alianza kukagua ukingo wa kulia, na ni haki yake, picha imelegea kulia. Lakini lenzi hugeuza: kilicho kulia mbele ya kamera huangukia kushoto kwenye mkanda, ukiitazama kamera kwa nyuma. Akahamia kushoto. Alichofanya kinafaa kuigwa na yeyote asiye na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Aliulaza ubao wa lenzi kwenye boksi bila kukaza skrubu, akachana karatasi ya kawaida ya kuchapia vipande vyembamba, akavipenyeza kwenye kiungo. Kulia hata kimoja hakikupita. Kushoto vilipita tisa vikibebana, cha kumi kikagoma. Rimu ya karatasi 500 ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo karatasi moja ni mm 0.1, na tisa ni mm 0.9. Ubao una upana wa mm 80 na picha iko katikati yake. Mm 0.9 kwenye ukingo wa ubao, ukifika ukingo wa picha imebaki mm 0.77. Ngalawa na karatasi zimetoa jibu moja.

Kilichouinua ubao ni mahameli. Baada ya kupata fokasi, kijana aliogopa mwanga kuvuja kwenye kiungo, akagundisha utepe wa mahameli nyeusi kuzunguka boksi. Fundi alikuwa amemchongea mfereji maalumu ili kitambaa kizame na ubao ukae juu ya mbao. Pande tatu kilizama. Upande wa kushoto ncha zilikutana, zikapandiana, na gundi ya mpira ikakauka juu yake ikawa donge. Fokasi ilipimwa kabla ya mahameli, na hakuna aliyepima tena baada yake. Kila aliyeitazama kamera ile, nami nikiwemo, alimulika lenzi kwanza. Nani anashuku kitambaa?

Kwa nini basi picha za mchana zilipona? Kwa mkanda wa 6x6, nukta iliyotawanyika hadi mm 0.05 huhesabiwa bado ni kali. Zidisha hiyo kwa namba ya tundu, unapata kiasi ambacho lenzi inaweza kukaa mbele au nyuma ya mahali pake bila jicho kulalamika. Kwa f/16, ambayo kijana aliitumia mchana, ni mm 0.8, na kosa letu la mm 0.77 linapenya kwa tundu la sindano. Kwa f/5.6, ambayo aliitumia jioni, ni mm 0.28 tu. Upande wa pili wa picha kosa lilikuwa mm 0.14, ndani ya ruhusa, ndiyo maana kushoto palibaki pakali hata jioni. Kamera haikuwa inachagua saa za kufanya kazi. Jua la mchana lilikuwa linaificha.

Doa jeusi la katikati lilikuwa jepesi kulijua kwa sababu ya umbo lake la duara. Zamani kidirisha chekundu kilikuwa salama kwa kuwa mikanda haikuona rangi nyekundu. Mikanda ya leo inaiona, na kwenye jua la Mtwara kidirisha kilichoachwa wazi kinachapa alama kupitia karatasi. Kibati kidogo cha kuteleza, kinachofunguliwa tu wakati wa kusogeza mkanda, kimemaliza. Kwa anayepambana na mwanga unaovuja pengine, atazame ukingo wa negativu, ile sehemu ya nje ya picha inayopaswa kubaki angavu. Weusi ukivuka hadi ukingoni, mwanga unaingia upande wa mkanda: mlango wa nyuma, bawaba, kidirisha. Weusi ukiishia kwenye mpaka wa picha, umeingia mbele, kwenye boksi au kwenye shata. Hilo tu linapunguza nusu ya kazi ya kutafuta tundu.

Shata lilinifurahisha. Ni Vario, lenye kasi tatu tu, na lililala miaka mingi. Kasi ya 1/25 tuliipima kwa simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde: ilipaswa kubaki wazi picha 9 au 10, ikabaki 14, yaani 1/17. Kwa 1/200 video haisaidii, tukarekodi sauti na kupima mwanya kati ya mlio wa kufunguka na wa kufunga. Ikaja kama 1/120. Sasa, kijana alitumia Ilford FP4 Plus, mkanda wa ISO 125 (namba ya wepesi wake kwa mwanga), na mchana alipiga f/16 kwa 1/200. Kwa jua kali, kanuni ni f/16 na kasi inayokaribiana na namba ya mkanda, yaani 1/125. Kwa maandishi ya shata alikuwa anaunyima mkanda mwanga. Kwa mwendo halisi wa shata alikuwa amelenga sawasawa. Nilimwambia asilisafishe, na asilitie mafuta kamwe, maana mafuta kwenye majani yake yataligandisha kabisa. Ameandika kasi za kweli kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kamera. Likianza kukwama ndipo litafunguliwa na kusuuzwa kwa benzini nyepesi.

Kuhusu usafishaji nipite haraka, ingawa wengi ndilo wanaloniuliza. Anatumia kahawa. Kwa lita moja ya maji: kahawa ya kuyeyuka (instant) gramu 40, vitamini C gramu 16, magadi soda ya kufulia iliyokauka gramu 54, dakika 15 kwa nyuzi 20. Kahawa ya robusta, ile inayolimwa Bukoba, ndiyo inayosifiwa kwa kazi hii. Soda ameipata kwa magadi ya sokoni: yale ni mchanganyiko, sehemu ni bikaboneti, na ukiyakaanga kwenye sufuria kavu hadi yaache kupungua uzito yanageuka kuwa ile inayotakiwa. Gramu 100 hubaki kama 70, kama magadi ni masafi. Maji ya bomba Mtwara hayakaribii nyuzi 20, hivyo chombo kinakaa kwenye beseni la barafu. Dawa ya kugandisha picha (hypo) ni ya kununua tu, jikoni haina mbadala wa maana.

Mkanda wa pili ulipigwa baada ya ncha za mahameli kukatwa zikutane bila kupandiana, na ubao kupimwa tena kwa kioo kilichosagwa, safari hii kila kitu kikiwa kimefungwa kama kitakavyotumika. Kwa f/5.6 mashua za Feri ziko wazi pande zote mbili. Weusi bado ni wa kijivujivu kidogo, na hapo ndipo kuvu linapostahili lawama yake halisi. Kijana haoni kama linamsumbua, na kwa picha za watu mimi naona hata linawapendeza.

Mzee ndiye hajaridhika. Pete za chini ya shata bado ni za kadibodi, na kadibodi hunywa unyevu kuliko plaiwudi aliyoikataa siku ya kwanza. "Mmeweka mninga halafu mkaukalisha kwenye boksi la viatu," alisema. Sasa anazikata upya kwa bati la kopo la soda, ambalo unene wake nao unakaribia mm 0.1, pete moja mahali pa kila unene wa karatasi, na kamera iko kwake mpaka amalize.